Mama Mdogo Hayumo kwenye Orodha

Alief, Houston
Texas

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Bado unalifunga kitambaa ukipanda shambani, au ile dawa ya kuchua niliyokutumia imeshafika? Tangawizi mmevuna, au mnaiacha ardhini mkisubiri bei ipande? Na bibi anakula vizuri? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kanisa nimepata. Joto la huku sitalieleza sana kwa sababu hutaniamini: ukisahau kijiko ndani ya gari mchana, hukishiki kwa mkono mtupu.

Ujumbe wako wa sauti niliupata Jumapili tukitoka ibadani. Nimeusikiliza mara tatu. Unasema, "Nakiete, mwombe mjomba wako msamaha, mwandikishe hilo gari, yaishe. Usinivunjie undugu kwa sababu ya bati." Nilitaka kukupigia palepale, lakini unanijua. Kwenye simu ningeishia kusema ndiyo mama, sawa mama, halafu nikikata ndipo maneno yanakuja. Kwa hiyo naandika. Kuna mama mmoja wa kanisani anasafiri kwenda Moshi, ameahidi kuipitisha barua hii dukani kwa shangazi pale Same. Isome mwenyewe, polepole, ukiwa umekaa.

Mjomba alikupigia kwanza, na anayepiga kwanza ndiye anayesikika. Sasa nisikie na mimi.

Nilipomaliza shule kule Minnesota, mama mdogo Nanzia alinipa gari lake la zamani, lile dogo la kijivu uliloliona kwenye picha limefunikwa na theluji mpaka vioo. Aliniambia, "Miaka tisa umekaa kiti cha abiria. Hamia upande wa pili." Akasaini nyuma ya kadi ya gari mahali pa mwenye gari, na mahali pa anayepokea akapaacha wazi. "Jina lako utaandika mwenyewe," akasema, "kwa wino, herufi moja moja. Ukikosea ukafuta hawaipokei." Kisha tukaendesha kwa zamu siku mbili mpaka Cedar Hill, karibu na Dallas, nyumbani kwa mjomba Eliamini. Mama mdogo akarudi Minnesota kwa ndege kuwahi zamu yake hospitalini.

Nikueleze mambo ya magari ya huku, kwa sababu najua mjomba hakukueleza. Kila jimbo lina utaratibu wake. Ukihamia Texas na gari lenye namba za Minnesota una siku thelathini za kulisajili upya. Unakata bima ya hapa, unapeleka gari likapimwe moshi, halafu unakwenda na karatasi zako ofisi ya kodi ya kaunti, wanakupa namba mpya na kuandaa kadi mpya. Siku zikipita, polisi akikusimamisha una faini. Kwangu yalikuwa mambo mawili kwa pamoja: gari linahama jimbo, na linahama kutoka kwa mama mdogo kuja kwangu.

Na mimi sikuwa na muda wa kuchezea. Nilikuwa nimepata nafasi ya mafunzo ya kuhudumia wazee hapa Houston, unajifunza huku unafanya kazi, na barua yao ilisema wazi kwamba mwanafunzi awe na usafiri wake. Huku Houston bila gari ni kama kukatwa miguu. Kutoka kwa mjomba mpaka hapa ni mwendo wa saa nne. Kama gari lingebaki Cedar Hill, na mimi ningebaki Cedar Hill. Hilo tu ndilo lililokuwa moyoni mwangu, mama, wala si majivuno.

Sasa Texas wana jambo moja zuri. Ndugu akikupa gari bure, hulipi kodi kwa thamani ya gari, unalipa ada ndogo tu. Lakini lazima huyo ndugu awe kwenye orodha yao, na wote wawili mjaze fomu ya kiapo mbele ya ofisa wa viapo. Mama mdogo alishaijaza sehemu yake kule Minnesota. Mahali walipouliza uhusiano, aliweka alama kwenye "mzazi". Mimi niliiona ile alama. Nakuapia, sikuona kosa lolote. Nikasaini chini yake.

Siku tuliyokwenda ofisini, mjomba alinisindikiza. Dirishani alikuwepo mama mtu mzima, miwani yake imening'inia kifuani kwa shanga, na kila mtu anamwita mpenzi.

"Huyu Nanzia Mmbaga ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Sikusikii, mpenzi. Kioo hiki kinakula maneno."

"Mama yangu!" Watu wawili kwenye foleni wakageuka. Nilitamani sakafu ifunguke.

Akaangalia kitambulisho changu. "Wewe ni Mshana. Yeye ni Mmbaga. Aliolewa tena?"

"Hapana. Mimi natumia jina la baba yangu. Yeye anatumia la babu, baba yao yeye na mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu."

"Si ndiye huyu?"

"Huyu ni mama mdogo."

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu nilimtafsiria neno kwa neno. Akaniuliza, kwa nia njema tu, ana urefu gani. Mjomba aliyekuwa amekaa kwenye viti vya nyuma alicheka mpaka akakohoa.

Nikaanza upya. Nikamwambia ni mdogo wake mama yangu aliyenizaa, na mama yangu aliyenizaa yuko Tanzania.

"Kwa hiyo una mama wawili," akasema.

"Ndiyo," nikasema, nikafurahi kwamba hatimaye ameelewa.

Hakuwa ameelewa. "Kwa hiyo huyu ni anti yako," akasema, na kalamu yake ikasimama juu ya ile alama. "Anti hayumo kwenye orodha, mpenzi. Yumo mzazi, mtoto, mume au mke, ndugu wa kuzaliwa naye, bibi na babu, na mlezi. Kuna hakimu aliyemfanya mlezi wako?"

"Hapana. Mama yangu ndiye aliyenikabidhi kwake."

"Kwa karatasi?"

"Kwa mkono."

Mama, nilikuwa naiona ile siku ya uwanja wa ndege. Ulivyoutoa mkono wangu kwenye kitenge chako, ukautia kwenye mkono wa mama mdogo, ukamwambia, "Mtoto wako huyu." Hukusema "nakuazima". Hukumwambia "mtunzie dada yako". Nilikuwa na miaka tisa na nilisikia vizuri. Lakini ningemwambiaje hayo mtu aliye nyuma ya kioo, na foleni inapiga miayo?

Yule mama akavua miwani. "Mimi nakuamini," akasema, "lakini ukiapa kwamba ni mzazi na kwa sheria yetu siye, hilo ni kosa la jinai. Karatasi hii sijaipokea. Chukua. Nenda ukaandike jina la mwenye gari mpya nyuma ya kadi, urudi tayari kulipa kodi kamili. Ukilipa kodi kamili, hakuna atakayekuuliza ni nani wako."

Tulipotoka nikampigia mama mdogo nikiwa bado uwanjani pa magari. "Uliweka mzazi," nikamwambia.

Akasema, "Sasa ningeweka nini?"

"Anti."

"Anti ni wa kanisani," akasema. Tukacheka wote wawili, kisha hakuna aliyecheka. Amekaa Marekani miaka ishirini, mama. Fomu za hospitali anajaza kila siku, Kiingereza anakiongea kama redio. Lakini alipofika kwenye jina langu mkono wake ulikwenda kwenye mzazi bila kumuuliza.

Kesho yake mchana mjomba akaniita mezani jikoni. Alikuwa ameshatoa fomu mpya ya kiapo, kalamu iko juu yake, na ile kadi ameiomba kwangu "aiangalie".

"Nakiete, tutumie akili," akasema. "Mimi na Nanzia tumezaliwa tumbo moja. Ndugu wa kuzaliwa naye yumo kwenye orodha, umemsikia yule mama. Naandika jina langu hapa, Nanzia anatia saini fomu mpya, tunalipa hela ya soda, gari linabaki kwenye ukoo."

"Na Houston nitaendaje?"

"Houston si kuna mabasi? Au usubiri mwaka ujao, utafute kitu hapahapa Dallas. Ukihitaji gari, funguo zitakuwa pale ukutani, unaomba, nakupa. Binti wa miaka kumi na minane anataka jina lake kwenye gari la nini? Wewe hata kuagiza piza kwa simu unatetemeka."

Hilo ni kweli, mama. Natetemeka.

"Likigonga mtu watakutafuta wewe," akaendelea. "Mimi nakukinga. Siku moja utanishukuru."

Nisimseme vibaya. Mjomba alinipokea vizuri. Mke wake alikuwa ananipikia makande kila Jumamosi ili nisijione mgeni. Na alichosema hakikuwa wizi, sheria ya Texas inakikubali kabisa. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwa sheria yao, mjomba ambaye hajawahi hata kulijaza gari lile mafuta alikuwa na haki ya kupewa, na mimi niliyekuwa nalikwangua barafu kila asubuhi kabla ya shule sikuwa nayo. Yote kwa sababu ya neno ambalo Kiingereza hakina.

"Nitalipa kodi," nikasema.

"Nini? Sema watu wasikie."

"Nitalipa kodi yote. Nina akiba yangu niliyofanya kazi dukani."

Akaegemea kiti. "Haya! Huo sasa ndio Upare wenyewe. Kuuza ng'ombe ili ushinde kesi ya kuku!"

"Ng'ombe ni wangu, mjomba," nikasema. "Na kuku ni wangu."

Sikujua kwamba ni mimi niliyesema mpaka nilipomwona mke wa mjomba, aliyekuwa anaosha maharage, amefungua bomba la maji mpaka mwisho ili asisikike anacheka.

Nikaivuta ile kadi kutoka mbele ya mjomba. Nilikuwa nimeshajizoeza kuandika juu ya gazeti mara kumi, ili herufi zitoshe kwenye mstari. Nikaandika majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa, bila kuinua kichwa. Mjomba akavaa miwani.

"Umeniandika?"

"Nimejiandika."

Akasimama, akaenda chumbani, na tangu hapo hakuniita tena kwa jina. Nilikuwa "huyo". "Huyo amekula?" "Huyo amezima taa?"

Ofisini nilirudi peke yangu siku ya ishirini na saba. Dirisha lilelile, mama yuleyule. Akageuza kadi, akasoma jina langu, akaniangalia juu ya miwani. Sikungoja aulize. Nikasema kwa sauti, "Nalipa kodi kamili." Alikuwa mkweli: hakuna aliyeniuliza Nanzia ni nani wangu. Nililipa, na akiba ya majira mawili ya joto ikabaki ya mafuta ya kufikia Houston na kidogo juu yake. Sikuiona ikienda kwa uchungu. Afadhali nilipe kuliko niandike kwa mkono wangu kwamba mama mdogo ni anti.

Halafu vibao vya namba. Wanakupa viwili, cha mbele na cha nyuma, unafunga mwenyewe. Vya Minnesota vilikataa kutoka. Kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi ilikuwa imekula skrubu mpaka zimeshikana na gari. Nikapiga magoti kwenye lami ya moto na bisibisi ya mke wa mjomba. Jirani aliyekuwa anashusha ngazi kwenye gari lake akaja kunitazama, akaniuliza kama nataka anifungulie. Nikamwambia hapana asante, lakini kama ana mafuta ya kulainisha kutu nitashukuru. Akanipulizia, akasimama pembeni kama mtu anayetazama mpira. Skrubu ya mwisho ilipozunguka, alipiga makofi.

Jumamosi nikafunga mizigo. Mjomba amekuambia niliondoka bila kuaga. Niliaga mlango, mama. Nilisimama nje ya chumba chake nikasema, "Mjomba, nakwenda." Nikasema tena, na runinga ndani ikaongezwa sauti. Mke wake ndiye aliyenisindikiza mpaka garini, akaniwekea chupa ya maji na mahindi ya kuchemsha kwenye kiti. Aliniambia, "Ukichoka simama. Usishindane na malori." Sikushindana nayo. Niliendesha upande wa kulia saa tano badala ya nne, mikono imeushika usukani kama mpini wa jembe, na kila lori lililonipita nililisalimia moyoni ili lisinikasirikie.

Sasa nakaa Alief, upande wa kusini magharibi wa Houston, chumba kimoja kwa dada mmoja Mkenya, nesi, anaitwa Wangari. Siku niliyofika alizunguka gari mara mbili. "Wewe ni mtoto hivi na uko na gari yako?" akasema. "Na hiyo kutu ni ya wapi?" Nikamwambia ya Minnesota. "Basi usioshe, hiyo ni cheti," akasema. Hapa jirani kuna duka la mama wa Kinigeria linalouza unga wa mahindi mweupe, na mafunzo yako mwendo wa dakika ishirini na tano kwa gari. Kwa basi, Wangari anasema, ningeondoka leo nifike kesho. Anatania, lakini si sana. Mzee ninayemhudumia asubuhi ni bibi wa miaka tisini ambaye naye haongei. Tunaelewana.

Wiki iliyopita kadi mpya ilikuja kwa posta. Jina la mwenye gari liko moja. Limeandikwa sawasawa.

Sasa nijibu neno lako, mama. Unasema mjomba anataka nimwandikishe ili heshima yake irudi, na kwamba ukoo mzima unajua. Mimi nakuuliza jambo moja, kwa heshima. Nilipokuwa na miaka saba, jirani yetu alisogeza mpaka pale kwenye mfereji, akala ukanda usiozidi upana wa jembe. Wote walikuambia uache. Mjomba huyuhuyu alikuambia uache, usivunje ujirani kwa sababu ya udongo. Uliuza mtamba. Ulikwenda baraza la kata mara ngapi, na mimi nyuma yako nimebeba chupa ya chai? Na mzee wa baraza alipokuuliza, "Mama, ukanda huu utakupa debe ngapi?" ulimjibu, "Sijaja kuhesabu madebe. Nimekuja kusema ni wangu." Wewe huna sauti kubwa, mama. Hata siku ile hukuipandisha. Lakini walisikia.

Mimi nimelelewa na mama wawili, na hakuna aliyenifundisha kuacha.

Unasema nisivunje undugu kwa sababu ya bati. Kama undugu unavunjika kwa sababu msichana ameandika jina lake kwenye kitu alichopewa, basi ulikuwa na ufa kabla sijafika. Mjomba sijamtukana. Sijampandishia sauti, nisingeweza hata kama ningetaka. Nikienda Dallas nitapita kwake nimpigie magoti na kumwamkia, na akihitaji kupelekwa mahali nitampeleka. Kama alisubiri niage mara ya tatu, nitamwomba msamaha kwa ile ya tatu. Kwa jina langu sitaomba.

Najua hukuzoea kusikia hivi kutoka kwangu. Na mimi sikuzoea kusema. Nimeandika ukurasa huu mara mbili, na mara zote mbili neno ni lilelile.

Nisalimie bibi, mwambie nafunga kichwa nikitoka juani kama alivyonifundisha. Msalimie shangazi wa dukani, na nashukuru kwa kuibeba barua hii bila kuifungua, maana najua ameipima kwa mwanga wa taa. Msalimie mama mkubwa, na mdogo wangu Neema, mwambie asome hesabu. Msalimie na yule jirani wa mpakani. Sina kinyongo naye.

Mama mdogo nimeongea naye jana. Mjomba anampigia kila siku anibane. Yeye anasema wewe ndiye mkubwa wake, hatasema kitu mpaka usikike, anasubiri neno lako. Mimi, kwa heshima zote, mama, sisubiri. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nina zamu, yule bibi hapendi kucheleweshwa kuoga, na nitaendesha.

Wako, mtoto wa mama wawili,

Nakiete Elisante Mshana